Mamba wa Kitabuni

Mwalimu mkuu alirudi kutoka Mtwara mjini amepakiwa kwenye bodaboda, boksi amelikumbatia kifuani kama mtu anayempeleka mtoto mgonjwa zahanati. Vumbi la barabara ya Kitaya lilikuwa limempaka hadi kope. Alilitua boksi juu ya meza yangu, akajipangusa uso kwa leso, akasema, "Mwalimu, kazi yako hiyo. Vitabu vipya vya picha vya darasa la awali. Hizo ni sampuli. Tuchague kumi na viwili, tujaze fomu, irudi halmashauri kabla hatujafunga shule."

"Nani kasema kumi na viwili?"

"Fomu ina mistari kumi na miwili."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ningekuwa na akili siku ile, ningelirudisha boksi kwa bodaboda yuleyule.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, kwenye baridi, kwenye mito ambayo ukitia mguu majini unautoa mwenyewe kwa sababu ya ubaridi, si kwa sababu ya mnyama. Nilipangiwa Kitaya nikiwa binti wa miaka ishirini na minne, na wakati wa boksi hilo nilikuwa nimeingia mwaka wa saba. Darasa langu lilikuwa na watoto sitini na wanane, mikeka minne, na vitabu vya picha vitatu. Kimoja hakikuwa na jalada, kimoja hakikuwa na mwisho, na cha tatu kilikuwa kitabu cha kilimo cha ufuta ambacho mtu alikisahau shuleni, nami nikawa nakitumia kwa ajili ya picha za wadudu. Kwa hiyo utaelewa nilivyolipokea boksi. Nililibeba hadi nyumbani, nikakaa kitandani, nikafungua kitabu kimoja baada ya kingine hadi wali ukaungua jikoni.

Nilidhani kuchagua vitabu vya watoto ni kazi ya raha. Niliyekuwa sijui ni mimi.

Kimoja kilikuwa cha mtoto anayeogopa kulala peke yake chumbani. Picha nzuri, taa ndogo, shuka lenye nyota. Nilipowasomea watoto, mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Mwalimu, kwani wenzake wamekufa?"

"Hawajafa. Hicho ni chumba chake."

"Chumba chake? Mtoto?" Wakatazamana. "Sasa bibi yake analala wapi?"

Nilitumia asubuhi nzima kueleza nyumba za watu ambao mimi mwenyewe siwajui. Mwisho wake watoto walikubaliana kwamba yule mtoto ametengwa kwa sababu ana surua.

Kingine kilikuwa kizuri kuliko vyote. Jani linaachia tawi, linashuka taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, rangi zimelowana kama zimepakwa juzi. Kila ukurasa una neno moja tu. Peke yangu nilikisoma mara nne. Nikakipeleka darasani, nikashusha sauti, nikafunua pole pole. Nilipofika mwisho wakaniuliza, "Halafu?"

"Halafu likafika chini."

"Halafu?"

"Basi. Limefika."

"Aah," wakasema, na wawili wakaanza kugombania ubua. Nilikifunga kitabu nikiwa nimewakasirikia watoto sitini na wanane wa miaka mitano, hasira ya kweli, kama mtu aliyewapikia wageni kuku wakala kachumbari tu.

Vilikuwepo vingine vilivyoandikwa na watu ambao nadhani hawajawahi kukaa na mtoto hata safari moja ya kutoka Mtwara hadi Lindi. Maneno yamejaa ukurasa, picha imebanwa pembeni. Vilikuwepo vitatu vya kunawa mikono. Mmoja alikuwa tumbili anayenawa, mwingine tembo, wa tatu kidole chenyewe, kina macho na mdomo, kinaimba kuhusu sabuni. Kilikuwepo kimoja ambacho Kiswahili chake kilikuwa kimetolewa kwenye lugha nyingine bila huruma, hata mama akawa anamwambia mwanawe, "Wewe ni jua langu dogo la kifungua kinywa." Nilikisoma mara tatu nikitafuta kosa langu.

Na kilikuwepo cha mamba.

Niseme ukweli, nilikipenda. Mamba mmoja hana rafiki, kwa sababu kila akitabasamu watu wanakimbia. Siku moja msichana mdogo anakuja ukingoni na hindi la kuchoma, anampa. Mamba anakula, anafurahi, wanakuwa marafiki. Shule ya msichana iko ng'ambo ya mto na daraja limevunjika, basi mamba anambeba mgongoni, kila asubuhi, sare nyeupe, mkoba mgongoni, mamba anatabasamu meno yote. Ukurasa wa mwisho wanapungiana mikono. Picha zilichekesha, maneno yalikuwa mepesi, na kulikuwa na mto. Nikasema, hatimaye, kitabu chenye kitu ambacho watoto wangu wanakijua.

Kamati ya kuchagua ilikuwa ya watu watatu: mwalimu mkuu, mimi, na mwakilishi wa wazazi. Wazazi walimchagua bibi mmoja, mjane mwenye mikorosho michache na shamba la mpunga bondeni. Mjukuu wake wa kike alikuwa darasani kwangu. Mama wa mtoto aliolewa ng'ambo, upande wa Msumbiji, na alikuwa akija kwa mtumbwi kumtazama mwanawe mara moja moja, mto unapokubali. Bibi hakujua kusoma. Lugha yake ilikuwa Kimakonde, na Kiswahili alikitumia kwa nguvu, bila kumwomba mtu radhi.

Tulikaa ofisini siku mbili. Mwalimu mkuu alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila kitabu kilipofunguliwa: "Kinafundisha nini?" Fomu ilikuwa na safu iliyoandikwa FUNZO, naye safu ikiwa tupu hawezi kulala. Nilipomwonyesha lile jani, alifunua hadi mwisho, akarudia kutoka mwanzo, akaniangalia. "Kinafundisha jani?"

"Kinafundisha kutazama, mwalimu."

"Kutazama hakuna kwenye mtaala." Akakiweka kando. Halafu akavishika vile vya kunawa mikono, uso ukamchangamka. "Hivi tuchukue vyote vitatu."

"Vyote vitatu vinasema kitu kimoja."

"Ndiyo uzuri wake."

Bomba la shule wakati huo lilikuwa na wiki ya tatu halijatoa hata tone. Niliuma kalamu.

Bibi yeye hakuharakisha. Alikiweka kila kitabu mapajani, akatazama picha moja kwa muda ambao mimi ningesoma kitabu kizima. Kitabu cha kuku mpiga mswaki alikirudisha mezani kwa vidole viwili. "Kuku ana meno?" Hakungoja jibu. Kingine alikikataa kwa sababu nyumba haikuwa na uani. "Huyu mama anatwangia wapi?" Nilijitahidi kueleza. Nilieleza hadi nikachoka, nikawa nasema "ndiyo bibi" na "hapana bibi" huku nikihesabu mbao za dari.

Alipofika kwa mamba, alikawia kuliko kote.

"Huyu nani?"

"Mamba, bibi."

"Ngwena huyu?"

"Ndiyo."

"Anacheka?"

"Anacheka. Ni mamba mwema."

Aliniangalia. "Mwalimu, kwenu kuna mamba?"

"Hakuna, bibi."

"Ndiyo maana."

Siku mbili za kuku na uani zilikuwa zimenifika hapa. Nikamwambia kwa adabu, lakini adabu ile ya meno, "Bibi, hii ni hadithi tu. Hata kwenye hadithi zenu sungura anaongea. Watoto wanajua tofauti."

"Sungura hali mtu," akasema.

"Lakini watoto wanajua mamba ni nini. Wamezaliwa hapa."

"Wanajua kwa kuwa tumewaambia. Sasa wewe unawaambia kingine. Na wewe ni mwalimu."

Ningeweza kusimama hapo nikafikiri. Sikusimama. Nilimgeukia mwalimu mkuu, nikijua ninachofanya, nikasema, "Mwalimu, hiki kinafundisha urafiki." Akaandika *Urafiki* kwenye safu, akakisogeza upande wa vilivyochaguliwa. Bibi alifunga kanga yake kiunoni, akaaga, akaenda kuinga ndege kwenye mpunga. Nikajiona nimeshinda.

Tukiwa tunasubiri fomu isainiwe na kila aliyepaswa kuisaini, nikaendelea kusoma sampuli darasani. Watoto walimpenda mamba kuliko mahindi ya kuchoma. Nikiingia tu: "Tusomee Mamba!" Nikisoma kingine, wanakivumilia kama wanavyovumilia dawa, halafu: "Tusomee Mamba!" Walijua kila neno. Nikiruka sentensi kwa uchovu, sauti sitini zinanirudisha. Walitabasamu kama mamba, walibebana migongoni wakivuka uwanja, mpaka sare ya mmoja ikachanika na mama yake akaja kuniuliza ni mchezo gani huo. Ilifika mahali nikiliona lile jalada la kijani nachoka mwili. Lakini niliendelea kusoma, kwa kuwa walikuwa wanasikiliza, na mwalimu wa awali anayesikilizwa na watoto sitini na wanane haulizi sana kwa nini.

Watoto wa awali hutoka mapema. Siku moja, saa saba mchana, nilikuwa nyumbani nachambua kisamvu, nikasikia mtu anakuja mbio. Alikuwa mama mmoja wa jirani, kanga imelowa hadi magotini, ndoo hana.

"Mwalimu, njoo mtoni. Mwanafunzi wako."

Sikumuuliza yupi wala ana nini. Nilikimbia nyuma yake kwenye njia ya mihogo, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimekatika na Ruvuma ilikuwa imejaa, rangi ya chai ya maziwa. Mahali pa kuteka maji wanaume walikuwa wamepiga uzio wa miti ndani ya mto ili wanawake wateke kwa usalama. Kundi la wanawake halikuwa pale. Lilikuwa chini zaidi, penye ukingo mtupu usio na uzio, na katikati yao mjukuu wa bibi alikuwa analia kwa hasira, mmoja amemshika mkono juu ya kiwiko.

Alikuwa mzima. Sketi ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Mkononi alikuwa ameshika muhogo wa kuchoma.

Aliponiona akanyamaza, kama mtu aliyemwona shahidi wake amefika. "Mwalimu, waambie. Nilikuwa namwita mamba anivushe kwa mama. Hawataki nimwite."

Nikautazama muhogo.

"Nimemletea muhogo," akaendelea, "mahindi ya bibi bado hayajakomaa. Muhogo hali?"

Nikakaa kwenye tope palepale. Mmoja wa wanawake aliwaambia wenzake, bila ukali wowote, "Anasema mwalimu ndiye aliyewasomea." Wengine wakaanza kurudi kwenye ndoo zao. Ningependelea wangenitukana.

Niliuliza kama mamba alionekana. Yule aliyemshika mtoto alisema hawakumwona. "Lakini usipomwona si kwamba hayupo, mwalimu. Anaonekana akitaka yeye."

Mwalimu mkuu alinisubiri ofisini, habari ilishanitangulia. Alikuwa tayari amekusanya sampuli zote, pamoja na kile kitabu changu cha ufuta, amezitia kwenye kabati la chuma. Akafunga kufuli mbele yangu.

"Kuanzia leo hakuna vitabu vya picha."

"Mwalimu, tatizo ni kitabu kimoja. Na tatizo ni mimi. Lile jani limefanya nini? Tembo wa sabuni amemdhuru nani?"

"Leo ni kimoja," akasema. "Kesho mtoto ataniambia anataka chumba chake."

Nilitoka nikiwa na aibu na ghadhabu kwa pamoja, na nisijue ipi imetangulia. Nilimkasirikia yeye kwa kufungia kila kitu. Nilimkasirikia aliyechora mamba yule, huko alikokuwa, pengine hajawahi kuona mto wowote wenye kitu ndani yake. Nilimkasirikia bibi kwa kusema kweli mapema namna ile, katikati ya mambo ya kuku na mswaki, mahali ambapo mtu asingeweza kumsikia. Na nilipofika nyumbani kisamvu kilikuwa kimeliwa na mbuzi.

Jioni nilikwenda kwa bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo ya kuanika iwe makopa, mjukuu amelala ubavuni kwake, ametulia kama hakuna kilichotokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisu hakikusimama.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa."

Nikakaa. Akanisogezea kisu kingine. Tukamenya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata machozi nilikuwa nimeyaweka karibu. Beseni lilipofika nusu ndipo akauliza, "Kiko wapi?"

"Nini, bibi?"

"Kitabu."

"Kimefungiwa kabatini. Hakitasomwa tena, nakuahidi. Nitakiondoa hata kwenye fomu."

"Nakitaka."

Nilidhani anataka kukitia motoni, nikamwambia ni sampuli, kitadaiwa. Akacheka kidogo, pumzi ya puani tu. "Mwalimu, ukikificha, huyu atabaki na mamba wako kichwani. Nani ataingia humo kumtoa?" Alimwonyesha mtoto kwa ncha ya kisu. "Nataka nikisome mimi."

Nilipomwendea mwalimu mkuu kumwombea kitabu, alinijibu kwamba kabati halifunguliwi bila kikao. Kesho yake bibi alikwenda mwenyewe. Nilikuwa kibarazani, nikasikia, "Mwanangu, nipe kitabu cha ngwena," kisha funguo zikalia papo hapo. Hakuna kikao kilichoitwa. Mimi miaka saba nimefundisha shule ile, sijawahi kufunguliwa kitu kwa kasi hiyo.

Bibi aliingia darasani, akavua kandambili mlangoni, akakaa kwenye mkeka katikati ya watoto, si kwenye kiti nilichomwekea. Akafungua ukurasa wa kwanza, akautazama kwa muda wake uleule, na watoto wakasubiri. Kwangu hawajawahi kusubiri.

"Huyu mnasema anacheka," akaanza. "Hacheki. Anawahesabia meno yake. Moja, mbili, tatu. Anauliza, leo yatapata kazi?"

Kelele. Watoto wa mbele walirudi nyuma, wakawakalia wa nyuma.

Alisimulia nusu Kimakonde, nusu Kiswahili, na mahali nilipoachwa nyuma mtoto mmoja aliyekaa karibu yangu alinitafsiria kwa kunong'ona bila kuombwa. Msichana wa bibi hakumpa mamba hindi. Alimrushia, kutoka mbali, ili ajue mdomo unafunguka kiasi gani. Mamba alimwambia sogea, sisikii vizuri. Msichana akamwambia, masikio ni yako, sogea wewe. Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa natazama picha zilezile, sikuona hata moja iliyomkataza kusema hivyo.

Nilingoja kwa hofu ukurasa ule ambao msichana yuko mgongoni. Pale hakuna namna, nilijiambia. Amepanda, sare nyeupe, wote wanamwona.

Bibi alifika hapo, akaweka kidole juu ya mamba. "Hapa mamba amelala," akasema. "Amelala na njaa. Hii ndoto yake. Anaota mtoto mjinga amempanda mgongoni." Akafunua. "Ameamka. Mgongo mtupu."

Na kwenye kupungiana mikono: "Mtoto yuko juu huku. Mamba yuko chini kule. Anamwambia, kaa na mto wako. Kwa mama yangu nitakwenda na bibi yangu, kwa mtumbwi, na watu wazima wawili wenye makasia."

Hapo hakuwatazama watoto wote. Alimtazama mmoja. Yule mtoto alikuwa amekaa kidole mdomoni, akakitoa, akauliza, "Lini?"

"Mkifunga shule," bibi akasema.

Na kweli, likizo ilipofika alimvusha. Walikaa huko siku nane. Mtoto alirudi amevaa kitenge kipya, amenenepa mashavu, na ana neno moja la Kireno la kushukuru ambalo alilitumia kwa kila kitu, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilimwachia.

Lakini kabla ya likizo kulikuwa na fomu. Mwalimu mkuu aliniita, amelitazama lile neno *Urafiki* kama doa kwenye shati. "Bibi anasema mamba abaki. Sasa anafundisha nini?"

"Andika chochote, mwalimu."

Alipaka wino mweupe, akapuliza, akaandika *Tahadhari mtoni*.

"Lakini humo ndani siyo yaliyoandikwa," nikasema. "Wakikisoma watashangaa."

"Nani atakisoma?" akaniuliza kwa dhati kabisa.

Vitabu vililetwa mwaka uliofuata, mihula miwili imeshapita. Kati ya kumi na viwili tulivyochagua vilikuja vitano. Nafasi za vilivyobaki zilijazwa na tembo anayenawa mikono, nakala kwa nakala, amefungwa kwa kamba. Lile jani nililokuwa nimelichomeka kwa siri kwenye mstari wa kumi na mbili, dakika ya mwisho, halikuja. Mamba naye hakuja. Cha mamba tulibaki na sampuli yake ile moja, ambayo mpaka leo hakuna aliyekuja kuidai.

Na vyote, vipya na vya zamani, mwalimu mkuu alivitia kabatini. Visichafuke. Nilimwomba Jumatatu, akasema vinasubiri kupigwa mhuri. Nilimwomba Alhamisi, akasema mhuri umekauka. Wiki iliyofuata ikawa vinasubiri kuvalishwa jalada la plastiki, na plastiki iko Mtwara mjini, na Mtwara mjini hakuna anayekwenda. Nilikuwa na wanafunzi wapya sabini na mmoja na mikeka ileile minne. Siku ya kumi nilisimama mbele yao nikasema, "Watoto, simameni. Leo tunasomea ofisini kwa mwalimu mkuu."

Tulikwenda kwa mstari, tukiimba. Walikaa sakafuni, walikaa juu ya mafaili, watatu walikaa kwenye kiti chake, mmoja aliingia chini ya meza akagundua kengele ya shule. Mwalimu mkuu alikuwa anazungumza kwa simu, nadhani na mtu wa halmashauri, kwa maana alikuwa amesimama wima. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, "Endelea tu, mwalimu. Tumefuata vitabu. Tutasomea hapahapa, visitoke nje vikachafuka."

Kengele ikalia. Shule nzima ikatoka kwenda mapumziko, saa moja kabla ya wakati.

Alinipa ufunguo. Alinipa akiwa bado na simu sikioni, bila kuniangalia.

Bila shaka vilichafuka. Ilikuwa msimu wa mabibo ya mikorosho, na utomvu wake ukigusa kitu hautoki, hata ufue kwa majivu. Tembo wa sabuni sasa ana madoa ya kahawia kama ana ukurutu. Nyumba isiyo na uani imechanika mgongo, nikaishona kwa uzi wa gunia. Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu alivikagua kimoja kimoja, akanitaka nieleze kwa maandishi. Nikaeleza, ukurasa mmoja na nusu, naye akauweka kwenye faili. Haikufuata hatua yoyote.

Cha mamba ndicho kinachonichosha hadi leo. Nikikisoma kama kilivyoandikwa, watoto wananikatiza kwenye ukurasa wa kwanza, hata walio wageni, ambao hawakuwepo siku ya bibi. Wamesimuliwa na kaka na dada zao. "Siyo hivyo, mwalimu. Hacheki huyo." Nikijaribu kusimulia kama bibi, Kimakonde changu kinawachekesha kuliko mamba, na wananisahihisha pia. Wiki iliyopita nimebishana nao kuhusu ile ndoto ni ya mamba au ya msichana, sauti zimepanda, mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akaja kuchungulia dirishani. Nikawaambia basi, chukueni mkisome wenyewe. Wakachukua.